Msongo

Daktari Pritchard, Barabara ya Holderness, mjini Hull,
alinifungua kinywa, akawasha taa,
akanyamaza, kisha akauliza kwa upole:
"Usiku unatafuna nini, Bi Mwanasiti?"
Nilitaka kucheka, lakini kioo chake kilikuwa ulimini.
Magego yangu, alisema, yamelika yakawa bapa,
kama mawe ya kusagia yaliyokosa nafaka
yakaanza kusagana yenyewe kwa yenyewe.

Natafuna nini.

Jumanne nilitafuna barafu ya Barabara ya Anlaby:
mguu uliteleza, basi likanipita ubavuni,
moyo ukatimka kama mtoto aliyetumwa dukani.
Lakini ulirudi, daktari, ukarudi na chenji yangu kamili.
Msongo huo siudai kitu. Ni mbwa wa mlangoni:
hubweka, mwizi hupita, hulala.

Na siku Sikitu alipofaulu mtihani wa udereva
mikono ilinitetemeka vilevile, jasho lilelile,
nimesimama kizingitini na mwiko mkononi, nalia.
Mwili haujui kusoma bahasha.
Ya heri na ya shari huzifungua kwa kisu kimoja.

Ila Jumapili, saa mbili jioni, simu hulia:
ratiba ya zamu.
Usiku, usiku, mchana, usiku.
Meneja ameweka kiua mwishoni mwa ujumbe.
Tumbo joto kabla sijafungua.
Kila wiki mbwa yuleyule anabweka
na mwizi yuleyule haji.
Agnieszka, ninayegeuza naye wazee vitandani,
ngozi ya viwiko humchanika ratiba ikitoka;
hujipaka mafuta chooni, akarudi anatabasamu.
Mimi huharisha. Nalisema wazi,
maana aibu nayo ni mzigo, na mgongo umejaa.

Upo wa tatu, usiobweka.
Kwetu tunasema kusonga ugali:
unakandamiza, unageuza, mpaka mwiko ugome.
Tunasema pia kusonga mbele.
Neno moja, nami nimekaa katikati yake miaka tisa,
nasonga, nasongwa:
kodi ya nyumba, gesi, bati la mama kule Pangani,
bahasha ya viza ambayo haijaja
na siku ikija sitakuwa na mate ya kumeza.
Huo hauna saa. Ni kama friji,
umeuzoea mlio wake
mpaka umeme ukikatika ndipo unasikia
jinsi lilivyokuwa likinguruma.
Nywele zinabaki kwenye kitana.
Mafua ya Novemba yamefika Machi.
Juzi nilisimama jikoni nikalisahau jina la bizari.
Nesi alinifunga mkono, mpira ukavimba, akasoma:
mia na sitini juu ya tisini na nane.
Akauliza kama nimepanda ngazi.
Ndiyo, nikasema. Ngazi ndefu.

Daktari alinitengenezea kinga ya plastiki,
ngumu, ang'avu, tabasamu lisilo na mtu.
Alisema haiponyi; inapokea tu.
Naivaa nikilala saa tatu asubuhi, pazia limefungwa,
shakwe wa mto Humber wakigombana juu ya paa.
Nikiamka naiosha bombani, naiinua dirishani.
Mikwaruzo mipya, mingine mirefu, mingine nukta nukta.
Hii ni Jumapili. Hii bati.
Hii ndefu, inayokwenda mpaka nyuma, siulizi.

Jana palikuwa na mahali laini, upande wa kushoto,
pana kama ukucha wa kidole cha mwisho.
Nimepagusa kwa ulimi mara tatu.
Sijui nilikuwa naota nini.

Leo maji yamechemka, unga umeingia.
Sikitu kasimama nyuma yangu, funguo za gari mkononi,
ameniangalia taya kwa muda.
"Nipe mwiko, mama. Leo nasonga mimi."
Simu ikalia mezani.
Nikampa mwiko.